Picha ya Mwezi wa Kumi na Moja

Siku ya Mungu, tarehe 5 mwezi wa kumi

Misa ya pili, halafu chumba cha katekesimu, kama kawaida. Baridi. Ukungu haukutoka Kimemi, hapa Butembo, mpaka karibu saa sita. Kovu la mkono wangu, lile la mafuta ya mandazi, linauma kila baridi inapozidi.

Sisi wa kikundi cha picha tulitundika zetu kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Kila mtu moja. Mwenye picha anakwenda kukaa kwenye kiti cha bubu. Papa Prosper, mwalimu aliyestaafu na rais wetu, ndiye aliyeleta kanuni hiyo: wengine wakisema juu ya picha yako, wewe hufungui kinywa. Hata wakisema uongo. Mpaka wote wamalize, ndipo unapewa nafasi ndogo. Swali la kwanza ni lile lile kila juma: jicho lako liliona nini kwanza? Kisha: kitu gani kinasumbua? Na kanuni ya pili, tunasema juu ya picha, hatusemi juu ya mtu.

Kanuni nzuri. Imenifundisha kunyamaza, jambo ambalo hata ndoa haikuliweza.

Mimi nilileta wanawake wa Kipese wakianika maharagwe. Kambale, fundi wa nguo, alisema jicho lake liliona kwanza ndoo ya bluu. Ndoo. Nilipanda kilima chote kile kwa ajili ya ndoo. Kisha Kakule, yule kijana anayeuza vipuri vya pikipiki, akasema mstari wa mlima umepinda kushoto. Umepinda kweli. Nilikasirika, nikameza. Kakule ana jicho, hilo siwezi kumnyima.

Kambale alileta mbuzi tena. Kila juma mbuzi. Nilisema jicho langu limeona kwanza mbuzi, na kinachosumbua ni mbuzi. Watu wakacheka. Yeye bubu pale kitini, mabega yanamtetemeka.

Mwisho Papa Prosper akatangaza. Juma lijalo tunachagua picha kumi na mbili za kalenda ya parokia. Inachapishwa Kampala, na mfanyabiashara mmoja wa hapa anaondoka nazo tarehe 20. Kalenda ile inaingia kila nyumba. Inatundikwa karibu na msalaba, inakaa mwaka mzima. Natamani maharagwe yangu yawemo. Bwana unisamehe, natamani sana.

Siku ya nne, tarehe 9

Soko limelala. Niliuza mafuta ya mawese kidogo, maharagwe kidogo zaidi.

Katungu alipiga simu kutoka Beni. Mdogo wangu wa mwisho. Ana watoto watatu na bado ananiita Yaya, dada mkubwa, kama zamani alipokuwa anashika kitenge changu njiani. Mumewe Muhindo aliuawa shambani kwake, kwenye kakao, mwezi wa saba. Wengi wamekufa hivyo kule. Watu wameacha hata kuuliza ni nani aliyefanya. Katungu bado yuko kwenye kilio, anakaa kwa shemeji yake mkubwa.

Anasema wameacha kumnyoa, nywele zimeanza kuota, zinawasha. Akacheka kidogo. Sijamsikia akicheka tangu matanga. Nilipoweka simu nililia pale pale juu ya mzani. Mteja alisubiri, hakugusa maharagwe. Mungu ambariki mteja yule.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Kalamu imetoboa karatasi mara mbili. Nitaandika hivyo hivyo.

Picha zilikuwa nyingi, kwa ajili ya kalenda. Maharagwe yangu yalipita bila neno, zuri wala baya. Halafu Kakule akatundika yake, akaenda kukaa kwenye kiti cha bubu. Kubwa, nyeusi na nyeupe. Mwanamke amekaa chini kwenye mkeka. Kichwa wazi, kimenyolewa. Kinywa wazi, analia. Mwanga wa mlango unamwangukia juu ya kichwa.

Katungu.

Niandike vizuri, ili nikisoma siku nyingine nisijidanganye. Kwetu mjane kwenye matanga anaondolewa kitambaa. Ananyolewa. Anakaa chini. Hasemi na mgeni, mashemeji ndio wanasema mahali pake. Wanaomwona vile ni waliokuja kulia naye. Siku zikiisha anafunga kitambaa tena, na hakuna mtu mwenye adabu anayemkumbusha alivyokuwa. Kichwa kile hakionyeshwi. Mimi nilikuwa mle chumbani siku ile. Kamera sikuiona. Nilikuwa nashika mtu.

Wakaanza.

Papa Prosper: "Jicho yangu iliona kwanza ule mwangaza. Iko kama taji."

Kambale: "Leo Kakule ametupita wote. Mimi na mbuzi zangu tunyamaze."

Mama mmoja wa kwaya akasema kinachosumbua ni mkono ule kwenye kona, mkono wa mtu juu ya bega la mjane. Unavuta jicho. Ukatwe. Wote wakaitika, ndiyo, ukatwe, picha itapumua.

Ikafika kwangu. Jicho lako liliona nini kwanza, Mama Esperance?

"Mudogo yangu," nikasema.

Wakafikiri ni namna ya kusema. Papa Prosper akaitikia kwa kichwa polepole kama amesikia mahubiri.

"Hapana vile. Mudogo yangu kabisa. Katungu. Tumbo moja. Na ule mwenye kukaa pale kwa kiti ameiba kichwa yake."

Watu wakakigeukia kiti cha bubu. Hata kwaya iliyokuwa inajaribu nyimbo upande wa pili niliisikia.

"Mama, pole sana," Papa Prosper akasema, kisha akaleta lakini yake ya Kifaransa. "Mais kanuni unaijua. Tunasema juu ya foto, hapana juu ya mutu."

"Foto iko na mutu ndani."

Nikamgeukia Kakule. Nilimwambia yote. Kwamba hakulelewa. Kwamba mwizi wa kuku ana heshima kuliko yeye, maana kuku anaibwa mara moja, na yeye ataiba kila siku ya mwaka, kwenye kila ukuta. Naye hakujibu. Kanuni inamkataza, akaitii, mikono juu ya magoti kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Hilo ndilo lililonimaliza. Unampiga mtu maneno, naye ananyamaza kwa utaratibu.

Zamu yake ilipofika alisema kwa sauti ndogo: "Niliomba ruhusa, Mama. Kwa shemeji yake mukubwa. Alisema, piga, dunia ione."

Wakapiga kura. Wote waliikubali, mimi peke yangu nilikataa. Imepewa mwezi wa kumi na moja, mwezi wa kuombea marehemu. Kona itakatwa. Maharagwe yangu hayakupata mwezi. Sijali. Naandika uongo, najali, ila leo hilo ni dogo.

Kichwa cha Katungu kwenye kila nyumba ya Butembo, na watu wanakula ugali wa bundu chini yake.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Hasira. Nimejaribu rozari. Kila ushanga ni Kakule. Nimeacha kwenye fumbo la pili, nisije nikamlaani mtu kwa jina la Bikira.

Papa Esperance, mume wangu, aliniangalia asubuhi, akiwa anatafuta kiatu chake. "Mais wewe pia unapiga batu foto. Bale bamama ya Kipese, ulibauliza?"

Niliwauliza. Mmoja. Yule aliyekuwa karibu.

Nikamwambia aendelee kutafuta kiatu chake. Nilikuwa nimekiona chini ya kitanda. Sikumwambia.

Siku ya pili, tarehe 14

Mvua. Sikuandika kitu cha maana. Chumvi nyingi kwenye mboga ya sombe, hakuna aliyethubutu kusema.

Siku ya tatu, tarehe 15

Nimeandika kwenye kikundi cha WhatsApp: picha ile itolewe. Papa Prosper akajibu kwa Kifaransa, mistari mirefu kama waraka wa jimbo. Maana yake, kura ni kura. Mtu mmoja akaweka ile mikono miwili ya kuomba. Sijui anaomba nini.

Karibu na mchana Kakule akaja sokoni. Alisimama mbele ya meza yangu kama mtu wa kununua. Akanisalimu kwa Kinande, kwa heshima yote. Sikuitika. Nilijua ni vibaya kutoitika, na sikuitika.

"Mama, ningemuuliza mujane mbele ya bashemeji, bangenifukuza. Na bangekuwa na haki. Mimi nilifuata desturi."

"Ndiyo, njo hivyo. Uliomba mwenye kinywa, ukapiga mwenye kichwa."

"Muhindo alikuwa rafiki yangu. Nilienda kulia, Mama. Kamera ilikuwa kwa bega tu."

"Ulilia na jicho moja. Lingine lilikuwa ndani ya mashine."

Muuza ndizi wa pembeni akasema "eee" kwa furaha, kama yuko mpirani. Kakule hakukasirika. Natamani angekasirika, ningepata mahali pa kushika. Alitoa bahasha ndani ya koti, akaiweka juu ya mfuko wa maharagwe.

"Hiyi iko yake. Nzima, haijakatwa. Tangu matanga natafuta mutu wa kumupelekea."

Akaenda. Mvua ikaanza pale pale. Nilifunika bahasha na plastiki kabla ya kufunika maharagwe. Sijui kwa nini. Maharagwe yamelowa.

Bahasha sikuifungua. Nimekwisha kuiona vya kutosha.

Siku ya nne, tarehe 16

Nilikwenda kwa padri baada ya misa ya asubuhi. Bado kijana, anahubiri kwa kifupi, nampenda kwa hilo. Nilimwambia kalenda ni ya parokia, parokia ni yake, aizuie. Akaitafuta picha kwenye simu yake. Akaitazama kwa muda.

Akasema ni picha ya sala. Akasema inamkumbusha Bikira Maria wa Mateso.

Nikamwambia: Padri, mbele ya yule Bikira wa Mateso nimepiga magoti tangu nikiwa mtoto. Upanga moyoni, sawa. Machozi, sawa. Mais kitambaa kichwani anacho. Hakuna mchoraji aliyemvua.

Akafunga simu. Akasema atafikiri. Kufikiri kwa mapadri nakujua, na kalenda inaondoka siku ya kwanza.

Nimefanya kiburi mbele ya padri na sijutii. Nitajuta kesho.

Siku ya tano, tarehe 17

Sijajuta.

Kesho Beni. Nitasema na Mumbere, shemeji yake mkubwa. Yeye ndiye aliyetoa neno, yeye alirudishe. Katungu asijue kitu, ana mzigo wake tayari. Bahasha nimeiweka kwenye kikapu kati ya vitenge, Mumbere aone kwa macho yake alichoruhusu. Kamera pia nimeiweka, kwa mazoea tu.

Papa Esperance ameniombea safari njema. Halafu akauliza kama nitampiga shemeji au nitaongea naye. Nikasema itategemea.

Siku ya posho, tarehe 18, Beni

Barabara, kizuizi, barabara, kizuizi. Joto la Beni linakuvua sweta kabla hujashuka kwenye gari.

Mumbere alikuwa uani anageuza mbegu za kakao kwenye turubai. Harufu kali, kama siki. Nilimsalimu kama inavyotakiwa, nikakaa nilipoonyeshwa, nikanywa maji. Kisha nikamweleza. Picha, kalenda, kila nyumba, mwaka mzima.

"Mimi njo nilisema apige," akajibu. Hakuacha kugeuza kakao. "Huku tunalia kila siku na hakuna mwenye kuona. Wacha baone."

"Shemeji, banaona. Beni banaiona ikilia tu. Hakuna mwenye kuijua na uso mwingine."

"Uso gani mwingine?"

Swali lilikuwa zuri. Hilo likanikasirisha zaidi, nikapandisha sauti. Nikamwambia kichwa cha mke wa ndugu yake si kakao ya kuanika mbele ya watu. Nikamwambia desturi ilimpa kusema mahali pa mjane ili amfunike, haikumpa amfunue. Jirani akachungulia juu ya ua. Nikaendelea.

Katungu akatoka jikoni. Kuta zile ni za mbao, alikuwa amesikia yote. Amekonda. Kitambaa cheusi kichwani, kimefungwa vizuri. Alifuta mikono kwenye kitenge, akachukua bahasha mkononi mwangu, akaitoa picha.

Nilijiweka tayari kumshika asianguke.

Hakuanguka. Alitazama sana. Nilisikia kakao ikigeuzwa, kisha sikuisikia tena. Mwisho akaweka kidole kwenye kona.

"Yaya. Huu njo mukono yako."

Nikainama. Kovu la mafuta, pale pale, juu ya bega lake. Juma zima nimeibeba picha ile ndani ya kichwa changu, nimeitukana, nimemtukania mtu mama yake, na mkono wangu mwenyewe sikuuona.

"Bananiambiaka nililia sana siku ile," Katungu akasema. "Mimi sikumbuke kitu. Nakumbuka tu kuna mutu alinikamata hapa." Akagusa bega. "Nilizania ni Mama."

Mama yetu alikufa kabla Katungu hajaolewa.

Nilimwambia wanaukata. Kwamba wamesema mkono unasumbua.

"Banakata mukono, banaacha kichwa?" Akacheka, kile kicheko kikavu cha kwetu. Kisha akauliza amepewa mwezi gani. Nikamwambia.

"Mwezi ya bafu, ya benye kufa. Mimi nilikufa?"

Mumbere akaanza kusema kwamba mjane bado yuko kwenye kilio, na mjane hasemi. Katungu akamkatiza. Sijawahi kumwona mwanamke akimkatiza Mumbere. Alifanya hivyo akiwa ameinamisha macho, kwa heshima yote, na ndiyo maana yule hakupata pa kushika.

"Shemeji, ulisema mahali yangu kwa matanga. Na batu, na chakula, na kaburi. Ulisema muzuri, nakushukuru mpaka leo. Mais kichwa ni yangu. Haukuniuliza." Akanigeukia. "Na wewe pia, Yaya. Umetoka Butembo mpaka hapa, umekuja kumuuliza yeye."

Joto lote la Beni likaingia usoni mwangu. Nilikasirika tena, safari hii sijui na nani.

Aliomba simu yangu. Akasema nimwonyeshe mahali pa kubonyeza ili sauti iingie. Akasema aliyotaka kusema, mara moja, hakurudia. Kisha akaniambia: "Sasa nipige foto wewe. Mimi nasimama."

Akasimama kando ya turubai, kakao miguuni, mkono kiunoni. Alikaza kitambaa kwanza, akajiangalia kwenye kioo cha dirisha. Mumbere hakutazama. Hakukataa pia. Alisogeza kiti chake kisiingie kwenye picha.

Ile nyingine imebaki kwake. "Na mukono," akasema.

Siku ya Mungu, tarehe 19

Nimerudi jana jioni, mgongo umevunjika. Leo chumba cha katekesimu kilijaa kuliko kawaida. Habari inatembea haraka Kimemi.

Picha kumi na mbili zilikuwa kwenye kamba kwa mara ya mwisho kabla ya safari. Kila mwenye picha alikaa bubu kwa zamu yake, na zamu ilikuwa ya Kakule. Nikaomba nafasi, nikaweka simu mezani, nikabonyeza.

Sauti ya Katungu: "Niko Katungu, mujane ya Muhindo. Ile foto nimeipata. Kakule, aksanti, umenitunzia siku yenye mimi mwenyewe sikumbuke. Kwa kalenda, hapana. Mimi njo mwenye kichwa. Mutuombee, mimi na batoto."

Mama wa kwaya akajifuta macho. Papa Prosper akavua miwani, akaivaa. Akasema anaelewa, anaelewa sana, mais kura ni kura, na kila kitu kiko tayari. Tukianza kubadilisha kwa sababu ya kila mtu, kalenda itatoka Pasaka.

Hasira ikapanda mpaka kwenye masikio. Nikafungua kinywa.

Kakule alinitangulia. Aliinuka kutoka kiti cha bubu, akaenda kwenye kamba, akatoa vibanio, akaishusha picha. Akarudi kukaa nayo juu ya magoti, imeelekea kifuani.

"Kakule, haujapewa nafasi ya kusema," Papa Prosper akasema.

"Sijasema."

Kambale akacheka kwa pua. Halafu wengine. Halafu Papa Prosper mwenyewe, kidogo, kama mtu anayelipa bila kupenda.

Mwezi wa kumi na moja ukabaki mtupu. Niliitoa ile ya Katungu amesimama. Yeye mwenyewe alisema niionyeshe, niliuliza. Haikuwa imechapishwa, kamera ilizunguka mkono kwa mkono, nami nikaenda kwenye kiti cha bubu.

Kambale, jicho lake limeona kwanza kitambaa kinavyong'aa. Mama wa kwaya anauliza ni nani huyu mama mrembo, halafu akaelewa, akaipitisha kamera. Papa Prosper, bado amenuna: miguu imekatwa. Kakule, kwa sauti ile ile ndogo: jua liko nyuma yake, uso umeingia giza.

Wajinga. Wana haki wote. Miguu imekatwa, na uso umeingia giza. Niliuma ulimi mpaka mwisho. Nafasi yangu ilipofika nilisema aksanti tu, maana mengine yote yangekuwa matusi.

Wakachagua picha nyingine ya Kakule, ya Kipese asubuhi. Niliinua mkono pamoja nao. Ule wenye kovu.

Nimerudi nyumbani hasira ikiwa bado nzima. Nimeibeba kama ndoo, natafuta mahali pa kuimwaga. Nimempata Prosper, ni mdogo. Nimempata Mumbere, naye mdogo. Nikakaa jikoni na ukweli. Wale waliomuua Muhindo hawatakaa kamwe kwenye kiti mbele yangu, mikono juu ya magoti, niwaambie jicho langu liliona nini. Kakule alikaa. Ndiyo maana alipigwa yeye.

Bwana, wale bado siwezi kuwasamehe. Usinihimize.

Siku ya Mungu, tarehe 2 mwezi wa kumi na moja

Siku ya marehemu wote. Misa ndefu. Walisoma jina la Muhindo, wakalitamka vizuri.

Katungu alipiga simu. Picha ile yenye mkono ameitundika chumbani kwake, nyuma ya mlango, hivyo inaonekana pale tu akiufunga. Mumbere ndiye aliyeleta msumari. Hakuambiwa. Nywele sasa zimefunika kichwa chote.

Mchana Kakule akapita nyumbani, amebeba mfano wa kalenda uliotoka Kampala. Akanisalimu. Niliitika, nikamwongezea wasingya, asante yetu, kwa kuja. Papa Esperance akampa kiti uani. Kakule akanifungulia mwezi wa kumi na moja.

Ukungu wa Kipese. Mashamba ya viazi, njia inapanda, inapotea. Hakuna mtu ndani.

Nikaitazama sana. Nikamwambia ni nzuri, kwa sababu ni nzuri. Nikamwambia pia mstari wa mlima umepinda, kidogo, upande wa kushoto.

Alikaa mikono juu ya magoti, hakufungua kinywa mpaka nilipomaliza.